Mbio za vidole nazo zina sheria

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi wataliita mchezo wa watoto. Lipo kundi kubwa la vijana, na baadhi yao sasa ni watu wazima wenye kazi na familia, huko Marekani, Ulaya na Japani, ambao hushindana kumaliza gemu za video kwa muda mfupi kuliko wenzao. Hawagombei pointi. Hawapigani mmoja kwa mmoja ndani ya gemu. Kila mmoja huketi mbele ya kioo chake, huanza gemu mwanzo kabisa, huifikisha mwisho, kisha hutazama saa. Mwenye muda mfupi ndiye bingwa.

Sisi tuliolelewa na msemo wa haraka haraka haina baraka tutashangaa kidogo. Gemu si hununuliwa ili mtu astarehe nayo? Mbona huyu anaikimbia kama aliyeonyeshwa fimbo? Lakini kilichonivuta mimi katika mbio hizi si haraka yenyewe, bali ni sheria zake. Watu hawa hawana serikali inayowasimamia, wala mahakama, wala polisi. Wameketi wenyewe wakatunga kanuni: saa ianze wapi, ikome wapi, lipi liruhusiwe na lipi likatazwe. Na swali wanalojiuliza kila siku ni letu sote. Mtu akisema "nimeshinda", ameshinda katika nini, kwa saa ya nani, na nani aliyeona?

Tuchukue gemu moja ambayo wengi wameiona, hata kama hawajaicheza. Ni Super Mario Bros., iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985. Kijibwana chenye masharubu na kofia kinakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kinaruka mashimo na kukanyaga maadui. Gemu hiyo ina maeneo manane, na kila eneo lina hatua nne. Jumla ni hatua 32. Lakini walioitengeneza walificha humo njia za mkato. Anayezijua huruka kutoka eneo la kwanza hadi la nne, na kutoka la nne hadi la nane. Mtu huyo hucheza hatua 8 tu, na mabingwa huzimaliza kabla ya dakika 5 kutimia. Aprili 2021 mchezaji wa Marekani anayejulikana kwa jina la Niftski alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55. Ilimchukua dakika 4, sekunde 54 na nukta 948.

Sasa yupo mwingine anayecheza hatua zote 32 bila kupita mkato. Huyo akiwa bingwa atachukua takriban dakika 19. Je, kati ya hao wawili nani mwepesi zaidi? Swali hilo halina jibu, kwa sababu hawakukimbia mbio moja. Ni sawa na kumchukua bingwa wa mita 100 na bingwa wa mita 1,500, halafu kumwita huyu wa pili mzembe kwa kuwa alichelewa kufika.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: kabla hujabonyeza kitufe, taja unakimbia mbio gani. Yapo makundi mengi, lakini matatu hukutana nayo karibu katika kila gemu. La kwanza huitwa asilimia yoyote. Maana yake fika mwisho kwa njia yoyote uliyoipata, hata kama umeruka nusu ya safari. La pili ni asilimia mia. Hapo lazima ukusanye kila kinachokusanywa na umalize kila kinachomalizwa. La tatu ni la wanaocheza bila kutumia hitilafu, yaani makosa yaliyoachwa na mafundi waliotengeneza gemu.

Hapa kwenye hitilafu ndipo ugomvi ulipo. Msikilizaji ataniuliza: kutumia kosa la fundi si wizi? Katika gemu ya Super Mario 64, ya mwaka 1996, kuna nyota 120 za kukusanya. Mlango wa mwisho, kwa nia ya waliotengeneza, haufunguki mpaka uwe na nyota 70. Wachezaji walichunguza wakagundua namna ya kupenya kwa nyota 16. Baadaye wakagundua kuwa ukiruka kinyumenyume kwenye ngazi kwa mtindo fulani, mwendo huongezeka kupita kiasi mpaka unapita penye kizuizi. Nyota zinazohitajika zikashuka hadi 1, kisha hadi 0.

Fikirini hali ya mchezaji aliyetumia miaka kuzifanyia mazoezi mbio za nyota 70. Anaamka asubuhi moja anakuta mtu amemaliza gemu ileile bila nyota hata moja, kwa dakika chache. Je, kazi yake yote imekwenda bure? Wangeweza kusema ndiyo. Wangeweza pia kupiga marufuku ugunduzi mpya na kumwita aliyeupata mhuni. Hawakufanya hili wala lile. Waliacha makundi yote yasimame: nyota 120, 70, 16, 1 na 0, kila moja na orodha yake na bingwa wake. Mbio za nyota 0 humalizika kwa dakika sita au saba, na za nyota 120 huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Ugunduzi mpya ukapata heshima yake, na jasho la jana halikufutwa. Nadhani hapo kuna busara ambayo hata watunga sheria wakubwa huisahau.

Na swali la wizi wamelijibu hivi. Kosa lililomo ndani ya gemu limo katika nakala ya kila mtu. Akiligundua mmoja, wote wanaweza kulitumia. Lakini mtu akifungua gemu yake akaibadilisha ndani, amejitengenezea mchezo ambao wenzake hawana. Shimo lililopo barabarani ni la wote. Shimo ulilolichimba usiku ili mwenzako aanguke ni lako peke yako.

Ndugu wasikilizaji, tukishajua tunakimbia mbio gani, inafuata saa. Wengi wetu tunadhani saa haina mjadala, maana sekunde ni sekunde. Lakini sekunde ya kwanza ni ipi? Ni pale unapowasha mashine? Ni pale unapobonyeza kitufe cha kuanza? Au ni pale Mario anapoonekana? Kati ya nukta hizo tatu zinapita sekunde kadhaa, na mabingwa wanaachana kwa sehemu ndogo ya sekunde moja. Ndiyo maana kwenye Super Mario Bros. imeandikwa wazi: saa inaanza pale hesabu ya gemu inapoonekana kwenye kioo ikiwa 400, na inakoma Mario anapogusa shoka mwishoni mwa hatua ya mwisho. Mwamuzi haamini kidole cha mtu kwenye saa ya mkononi. Anachukua video na kuhesabu picha moja moja, ambazo wao huziita fremu. Mashine ile ya Marekani na Japani huonyesha fremu 60 hivi kila sekunde.

Na humo ndani kuna jambo ambalo wakazi wa Dar es Salaam wanaovuka kwenda Kigamboni watalielewa upesi. Ukifika Magogoni ukakuta lango la pantoni bado liko wazi, unavuka nayo. Aliyekutangulia kwa dakika kumi hatafika ng'ambo kabla yako, mtashuka pamoja. Lakini ukichelewa hatua mbili lango likafungwa, utasubiri pantoni nyingine. Super Mario Bros. nayo ina pantoni yake. Mchezaji akimaliza hatua, gemu haimpeleki mbele papo hapo. Hungoja zamu, na zamu hupita kila baada ya fremu 21, yaani kama theluthi moja ya sekunde. Ukiokoa fremu tano na bado umo katika zamu ileile, hujaokoa kitu. Lazima uokoe za kutosha kuiwahi zamu iliyotangulia. Ni hatua ya mwisho peke yake isiyongoja pantoni. Humo kila fremu inahesabiwa. Kuna watu waliofanya mazoezi kwa miaka ili wawahi pantoni moja tu ya theluthi ya sekunde. Mtu wa namna hiyo ukimvurugia saa, umemwibia miaka.

Kisha kuna suala la mashine, na hapa ndipo mfuko wa mtu unapoingia. Gemu za kompyuta husita kila zinapopakia sehemu mpya. Kijana mwenye kompyuta mpya ya bei kubwa hungoja sekunde mbili. Mwenzake mwenye kompyuta kuukuu hungoja kumi. Katika gemu ndefu tofauti hiyo hufika dakika nzima. Je, tumpe tajiri ushindi kwa sababu ya duka alilonunulia? Wachezaji wa gemu nyingi wamesema hapana. Muda wa kupakia hutolewa katika hesabu, ukabaki muda wa kucheza peke yake. Wengine hutumia saa iliyomo ndani ya gemu yenyewe. Nayo ina matatizo yake, kwa sababu mara nyingi saa hiyo husimama mchezaji anaposimamisha gemu, akapata nafasi ya kupumzika na kuwaza bila kulipia. Wengine wameshikilia saa ya ukutani: ukianza umeanza, hata ukipiga chafya inahesabiwa. Hakuna saa moja inayofaa gemu zote. Kinachotakiwa ni kwamba wanaoshindana katika gemu moja watumie saa moja, na iandikwe juu kabisa ambapo kila mgeni ataisoma.

Hata nchi uliyonunulia gemu ina uzito. Televisheni za zamani za Ulaya, za mfumo wa PAL ambao hata sisi Afrika Mashariki tuliutumia, zilionyesha picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Gemu nyingi zilizouzwa huko zilikwenda polepole kuliko zilezile zilizouzwa Marekani. Na lugha nayo imo. Gemu ya The Legend of Zelda: Ocarina of Time, ya mwaka 1998, ina mazungumzo mengi, na maandishi ya Kijapani hupita upesi kuliko ya Kiingereza. Kwa sababu hiyo utamkuta Mmarekani asiyesoma hata herufi moja ya Kijapani anaicheza kwa Kijapani, ili awahi. Kwa hiyo mwamuzi atakuuliza: nakala ipi, mashine ipi, lugha ipi? Maswali hayo yanaudhi, lakini asiyeulizwa leo atabishiwa kesho.

Linabaki la tatu, na ndilo zito: ushahidi.

Mwaka 1980 kampuni ya Activision ilitoa gemu fupi sana ya mashine ya Atari, iitwayo Dragster. Ni mbio za gari za sekunde chache tu. Mwaka 1982 Mmarekani Todd Rogers alitambuliwa kuwa aliimaliza kwa sekunde 5.51. Rekodi hiyo ilikaa vitabuni miaka 35. Wengi walijaribu, hakuna aliyeifikia. Mwaka 2017 mtaalamu aitwaye Eric Koziel aliifumua programu ya gemu yenyewe akaikagua, akaonyesha kuwa muda mfupi kabisa unaowezekana ni sekunde 5.57. Januari 2018 shirika la Twin Galaxies, linalotunza rekodi za gemu, liliifuta rekodi ile pamoja na nyingine zote za mchezaji huyo. Mimi sikusudii kuwa hakimu wake. Nasema tu kwamba kwa miaka 35 vijana walikimbiza namba ambayo mashine yenyewe haikuweza kuitoa, na hakukuwa na video ya kuwaonyesha ukweli. Hasara ya rekodi isiyo na ushahidi huwaangukia wale waliokuja nyuma kwa nia njema.

Siku hizi kanuni ni kali. Aghalabu, anayedai rekodi kubwa huleta video nzima, isiyokatwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Waamuzi huitazama, na hata husikiliza sauti kama kuna mahali muziki umeruka, maana hapo huenda vipande viwili vimeunganishwa. Hata hivyo video pekee haitoshi. Mwaka 2020 Mmarekani maarufu anayejiita Dream aliwasilisha muda wake katika gemu ya Minecraft. Humo bahati ina nafasi kubwa: unabadilisha dhahabu na viumbe fulani, na mara chache wanakupa kito unachokihitaji. Waamuzi walihesabu mabadilishano yote katika matangazo yake sita. Katika mabadilishano 262 alipata kito mara 42, wakati kwa kawaida angetarajia kama mara 12. Desemba mwaka huo walitoa ripoti ya kurasa 29, wakakadiria kuwa bahati ya namna ile inaweza kutokea mara moja katika trilioni 7.5. Wakaukataa muda wake. Alipinga kwa nguvu, na mashabiki wake ni mamilioni. Mei 2021 mwenyewe alieleza kuwa gemu yake kweli ilikuwa na programu ya nyongeza iliyobadilisha bahati hiyo, akasema kuwa wakati ule hakujua.

Waamuzi wale walikuwa watu wa kujitolea. Hawakulipwa mshahara kwa kuhesabu mabadilishano 262. Waliweza kumwambia hapana mtu maarufu kuliko wao wote kwa sababu kanuni ilikuwapo kabla yake, na ilikuwa ya wote. Kanuni inayotungwa baada ya mtu kushinda itaonekana daima kuwa ni chuki au upendeleo, hata kama ni ya haki.

Msije mkadhani kwamba kila msaada ni udanganyifu. Juni 1997 kundi la wachezaji lilitoa rekodi ya gemu ya Quake, wakaimaliza kwa dakika 19 na sekunde 49 katika kiwango kigumu kuliko vyote. Haikuwa kazi ya mtu mmoja kwa mkupuo mmoja. Kila hatua ilichezwa peke yake, na wachezaji mbalimbali, kisha vikaunganishwa. Walisema hivyo wazi, na watu wakawapongeza. Wapo pia wanaotumia kompyuta kupanga kila mbonyezo, fremu kwa fremu, ili kuona gemu inaweza kwenda kasi gani kama kidole cha binadamu kisingechoka. Mwaka 2003 video ya namna hiyo, ya Super Mario Bros. 3 ikimalizwa kwa takriban dakika 11, ilisambaa duniani, na wengi walioiona bila maelezo waliamini ni mkono wa mtu. Kazi ilikuwa nzuri. Kilichopotea njiani ni lebo yake.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kutokana na riadha. Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima ilishangilia. Lakini haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu wasaidizi wa kuongoza mwendo walipokezana njiani, na hayakuwa mashindano ya wazi. Je, alidanganya? Hata kidogo. Kila kitu kilisemwa mbele ya macho ya watu. Ilikuwa mbio ya kundi lake. Na Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, hiyo ilikuwa rekodi, ingawa muda wake ni mrefu zaidi. Anayeelewa kwa nini namba kubwa ilikuwa rekodi na ndogo haikuwa, ameshaelewa mbio za gemu.

Huenda bado yupo anayesema, hayo ni ya watu wenye nafasi. Nitamjibu kwa jambo moja. Tangu mwaka 2010 wachezaji hawa hukutana Marekani katika maonyesho yaitwayo Games Done Quick, wakacheza usiku na mchana mbele ya watazamaji na kuchangisha fedha. Mara ya kwanza walipata zaidi ya dola 10,000 kwa ajili ya shirika la CARE. Mwaka 2020 onyesho moja tu lilikusanya zaidi ya dola milioni 3 za kupambana na saratani. Watu hawatoi fedha zao kwa ajili ya rekodi wasiyoiamini.

Nami nawaambia vijana wetu. Katika vibanda vya gemu mitaani mwetu mashindano yapo, na viingilio hulipwa. Ugomvi nao upo: huyu asema pedi yake ilikuwa mbovu, yule asema walikubaliana dakika sita na si nne, wa tatu asema goli lile halihesabiwi. Kabla ya mtu kutoa shilingi yake, chukueni karatasi, andikeni mbio ni zipi, saa inaanza wapi na inakoma wapi, mashine ni ipi, nani mwamuzi, na ushahidi ni nini. Bandikeni ukutani. Mtakapogundua njia mpya, msimfute aliyeshinda jana kwa njia ya zamani. Fungueni ukurasa mwingine.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushindi nao ni mali, tena ya mtu asiye na kingine cha kuonyesha isipokuwa vidole vyake na usiku aliokesha. Mwandikieni vizuri.